Jina Ndani ya Plagi

Mlioniona siku ya kuniaga nikishuka jukwaani katikati ya hotuba ya mkurugenzi wa redio yetu, nikapita nyuma ya pazia na bisibisi mkononi, mmesema mengi tangu siku hiyo na mengi yamenifikia huku Kibamba. Wapo wanaosema Mama, yaani mimi, alichukia zawadi yenu ya friji. Friji ni nzuri, ipo jikoni, inagandisha mpaka chupa zinapasuka. Wapo wanaosema uzee umeanza kunipanda kichwani. Huo upo, siubishii, lakini siku ile haukuhusika. Sasa mmeniomba niandike kumbukumbu zangu kwa ajili ya mafundi sauti wanaoanza kazi, na barua yenu inataka maneno ya kutia moyo. Sina maneno hayo. Nina hasira, na nataka mjue ilikotoka, kwa sababu imenifundisha kazi kuliko cheti chochote nilichowahi kupewa.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilichelewa, mishahara ikachelewa zaidi, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichowahi kuondoa ngurumo kwenye spika.

Nilianzia Chang'ombe, katika karakana ya Mzee Mohsin, nyuma ya viwanda. Mzee Mohsin alikuwa Muhindi wa Kishia, mzaliwa wa Dar, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa solda kwenye bawaba. Alikodisha na kutengeneza vyombo vya sauti vya kumbi, misikiti, makanisa na bendi. Baba yangu alikuwa Mmakonde wa Newala, mchonga vinyago, lakini vinyago havikulipa kila mwezi, kwa hiyo alikuwa akimtengenezea Mzee Mohsin maboksi ya spika. Siku moja nilimsindikiza kupeleka maboksi mawili. Nilikuwa nimemaliza shule, nipo nipo tu nyumbani. Mzee Mohsin alikuwa anajaribu spika, anaipa muziki kidogo, anainamisha kichwa. Nikasema, "Hiyo imepasuka."

Akanitazama. "Imepasuka wapi? Mie sioni kitu."

"Sijui wapi. Ila inajibu mara mbili."

Hilo nililitoa kwa baba. Kabla hajagusa gogo la mpingo kwa patasi, baba aliligonga kwa kifundo cha kidole na kuweka sikio. Gogo zima linajibu mara moja. Lenye ufa ndani linajibu mara mbili, na ukilichonga utafika katikati ya kazi likugawanyikie mikononi. Mzee Mohsin aliigeuza spika, akakuta ufa mwembamba kama unywele pembeni mwa karatasi yake. Akamwambia baba, "Boksi nitachukua. Na huyu binti niachie." Baba akacheka, akaniacha. Wiki moja baadaye ndipo mama alipoambiwa, na ugomvi wake siuandiki hapa.

Siku ya kwanza sikugusa mtambo. Nilikunja waya. Siku ya pili nilikunja waya. Kwa miezi mitatu nilikunja waya, duara moja linaenda nje, linalofuata linaingia ndani, ili waya usijikamate na usivunjike nyuzi zake kwa ndani. Niliona ananidharau kwa kuwa ni mwanamke. Baadaye niligundua kila aliyepita pale alianza hivyo. Alikuwa akisema mtu asiye na subira na waya hatakuwa na subira na mwimbaji. Leo napita kwenye sherehe naona kijana mwenye fulana iliyoandikwa injinia anaviringisha waya wa maikrofoni kwenye kiwiko kama anakusanya kamba ya kuanikia nguo. Halafu kesho maikrofoni inakwaruza, anamlaumu Mchina aliyeitengeneza.

Baada ya waya nilifundishwa kwamba sauti inatengenezwa mwanzoni. Sikilizeni hili, maana ndilo linaloharibiwa kila siku. Kwanza mtu mwenyewe, anasimama wapi na anaongea vipi. Kisha maikrofoni, iko mbali kiasi gani na mdomo. Kisha kile kitufe cha juu kabisa kwenye mikisa, ile meza ya kuchanganyia sauti, kinachoamua umpokee kwa nguvu gani. Hapo ndipo kazi inapokwisha kwa asilimia kubwa. Vinavyofuata chini ni vya kurekebisha kidogo tu. Ukiipokea chafu pale juu, huko mbele kote unakuza uchafu. Lakini nyie mnaanza chini, mnapandisha kila kitu mpaka taa nyekundu ziwake zote, mnazitazama mkiona raha, kana kwamba ni taa za harusi. Taa nyekundu inasema umekosea. Haina maana nyingine.

Na mluzi. Maikrofoni ikijisikia yenyewe kutoka kwenye spika inapiga mluzi, basi. Dawa yake ya kwanza ni miguu: nenda kasogeze spika mbele, au msogeze mtu nyuma. Mzee Mohsin alinipiga marufuku kugusa kitufe chochote kabla sijatembea ukumbi mzima. "Tembea kwanza, Skola," alikuwa akiniambia. Jina langu ni Skolastika, lakini karakana nzima iliniita Skola. "Sauti haiko mezani kwako. Iko kule walikokaa watu."

Jambo la tatu lilikuwa plagi. Sheria ya karakana ile sijaiona mahali pengine popote. Ukifungua plagi kuitengeneza, kabla hujaifunga unakata kipande cha karatasi cha ukubwa wa kucha, unaandika jina lako na ulichofanya, unakikunja, unakiweka ndani, kisha unakaza skrubu. "Juma. Nimebadili fyuzi." "Skola. Nimekaza waya." Hakuna mteja aliyejua. Plagi zilizunguka Temeke yote na majina yetu tumboni. Mzee Mohsin alisema anayejua jina lake liko ndani anakaza skrubu vizuri zaidi, na nawaapia ni kweli.

Na jambo la nne, lile ambalo hasira yangu inaanzia. Plagi zetu zina meno matatu. Jino la juu, refu, ni la waya wa kijani wenye mstari wa njano, tunaouita ethi. Kazi yake ni moja: umeme ukipotea njia ndani ya chombo ukagusa bati lake, ethi inaukimbiza ardhini, fyuzi inakatika, chombo kinazima na mtu anabaki mzima. Siku zote mia ethi haina kazi. Siku ya mia na moja ndiyo inayokutofautisha na maiti.

Tatizo ni kwamba ethi hiyohiyo ndiyo inayoleta ngurumo. Ukichomeka mikisa kwenye soketi ya ukuta huu na amplifaya kwenye soketi ya ukuta ule, halafu ukaviunganisha kwa waya wa sauti, ethi mbili zinakutana na kufanya duara, na spika zinaanza kunguruma mmmm hata hakuna anayeongea. Njia ya haki ni kuleta umeme wote kutoka soketi moja, hata kama utavuta waya mrefu ukuta mzima, au kupitisha sauti kwenye kiboksi cha transfoma kinachotenganisha vyombo viwili. Njia ya mkato ni kufungua plagi ya amplifaya, kukata ethi, kufunga. Ngurumo inakufa palepale. Inachukua dakika mbili na unaonekana bingwa.

Mzee Mohsin alituweka mstari mmoja akaishika plagi iliyokatwa ethi na mtu wa mtaani, akasema, "Atakayenifanyia hivi nitamfukuza, na nitaenda kwao kumwambia mama yake kwa nini." Tulicheka. Yeye hakucheka.

Mwaka wangu wa pili tulipata kazi iliyonipa jina. Palikuwa na ukumbi wa Mashia wa majlisi, vikao vyao vya kusomewa maombolezo, wanaume chini, wanawake ghorofani nyuma ya kimiani. Kamati ililalamika kwamba msomaji hasikiki vizuri, ikataka spika kubwa zaidi. Mzee Mohsin alitembea chini akaona pako sawa. Akauliza juu pakoje. Wakatazamana. Hakuna mwanamume aliyekuwa akipanda kule wakati wa majlisi, na mafundi wote waliowahi kuja walikuwa wanaume. Akaniambia, "Skola, jitande kanga yako vizuri, panda."

Nilipanda, nikakaa chini katikati ya wanawake, msomaji akaanza. Jamani. Ilikuwa kelele tupu. Sauti iligonga vigae vya ukuta wa nyuma ikarudi, ikakutana na inayofuata, maneno yakavurugika. Bibi mmoja aliyekaa pembeni yangu, tasbihi mkononi, alikuwa akilia.

Nilimuuliza, "Bibi, unasikia anachosema?"

"Hapana, binti. Nalia nikisikia wanaume wa chini wanalia. Ndo najuaga tumefika pale pa kulia."

"Tangu lini husikii?"

"Tangu ukumbi ujengwe. Sie tumezoea."

Mpaka leo nikiandika hili kifua kinanipanda. Wanawake wale walikaa miaka yote wakilia kwa kubahatisha, na chini yao kamati ya watu wasomi, wenye maduka na zahanati, inajadili spika kubwa, na hakuna aliyewahi kuinua kichwa kuwauliza. Nilishuka nikawaambia mbele ya Mzee Mohsin, bila adabu ya kutosha, nakubali. Mzee mmoja wa kamati akasema, "Lakini hawajalalamika." Nikamwambia wangelalamika vipi na hamna maikrofoni juu.

Tulipunguza sauti ya chini. Tukaweka spika ndogo nne ghorofani, karibu na walipokaa, zinaongea taratibu, na amplifaya ya kijivu ya ziada kwa ajili yao peke yao. Nilipewa nifunge mwenyewe, kwa kuwa ni mimi pekee niliyeweza kukaa kule. Soketi ya juu ilikuwa ya ukuta mwingine. Nilipowasha, spika zote nne zikanguruma.

Nilijua dawa. Nishuke, nivute waya kutoka soketi ya chini, niupitishe ngazini, niutafutie njia. Kazi ya saa tatu. Wanawake walikuwa wameshaanza kupanda, na yule bibi alishakaa mahali pake. Akaniuliza, "Tayari, binti?" Nikamwambia, "Bado dakika mbili." Nikafungua plagi, nikakata ethi, nikaikunjia ncha nyuma kwa utepe. Nikajiambia, wakimaliza narudishia. Kwa mazoea nikachukua kipande cha karatasi, na kwa woga nikaandika: "Skola. Nimekaza waya." Nikafunga.

Majlisi ile walisikia kila neno. Yule bibi alilia mahali tofauti na siku zote, kabla ya wanaume wa chini, akanishika mkono akiubana. Mzee Mohsin akaniuliza nimeiuaje ngurumo. Nikasema nimekaza waya. Akasema, "Vizuri," na neno hilo kwake lilikuwa haba. Kesho yake tulikuwa na kazi nyingine, keshokutwa nyingine. Sikurudishia.

Amplifaya ilikaa kule muda, kisha kamati ikanunua ya kwao na yetu ikarudi karakana. Ikaenda kwenye harusi, ikarudi. Ikaenda kwenye mkutano, ikarudi. Umri ukaiingia. Ndani yake transfoma ikaungua ganda, na waya wenye umeme ukaanza kugusa bati. Kama ethi ingekuwepo, fyuzi ingekatika, tungeitupa kwenye benchi na kuilaani.

Bendi moja ya Temeke ikaikodi kwa mazoezi. Ilikuwa alasiri, ukumbini, milango wazi, watu wanapita. Mpiga gitaa wao aliitwa Zuberi, kijana mtanashati mwenye vidole virefu, alikuwa anatujia karakana kuchukua nyuzi na kutupigia kidogo kama malipo ya gumzo. Gitaa lake lilichomekwa kwenye ile amplifaya ya kijivu. Maikrofoni ilichomekwa kwenye mikisa, na mikisa ethi yake ilikuwa nzima, ndiyo njia pekee iliyobaki ya umeme kwenda ardhini. Alishika nyuzi kwa mkono wa kushoto, akasogeza mdomo kwenye maikrofoni kuitikia kiitikio. Umeme ukapita mkononi ukatokea mdomoni. Vidole vilikakamaa kwenye nyuzi asiweze kuachia, mpaka mpiga ngoma alipoichomoa plagi kwa kuuvuta waya.

Hakufa. Ila mkono wa kushoto uliungua mpaka kwenye mishipa, na daktari alisema vidole viwili havitakunjika tena.

Sasa sikilizeni maneno ya watu. Mwenye ukumbi alisema ni mvua ya asubuhi, sakafu ilikuwa na unyevu. Kiongozi wa bendi alisema Zuberi ana tabia ya kutoka jasho la mikono, alishaonywa. Jirani alisema kijana alikuwa na nyota kali, amefanyiwa. Mvua, jasho, uchawi. Kila mtu alikuwa na mkosaji asiyeweza kujibu, na mkosaji waliyempenda zaidi alikuwa yule aliyelazwa.

Amplifaya ililetwa karakana. Mzee Mohsin aliiweka mezani, tukaizunguka watu watano. Aliifungua plagi pole pole. Akaiona ethi iliyokatwa na ncha iliyokunjwa vizuri kwa utepe, kazi safi, kazi ya mwanafunzi wake. Akakikunjua kile kipande cha karatasi. Akavua miwani, akavaa, akasoma tena. Hakunitaja. Alikiweka mezani mbele yangu na kuuliza, "Huu ni mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Na kilichoandikwa ni kweli?"

"Si kweli, Mzee."

Nilitaka anipige au anifukuze, chochote. Akasema, "Kukata ni kosa la fundi. Ningekupigia kelele, ukalia, tukaendelea. Lakini karatasi ile ungeandika kweli, mwenzako yeyote angeifungua siku yoyote akairudishia. Umewaandikia uongo wenzako wenye bisibisi." Kisha akachukua funguo za gari. "Twende kwake. Utasema mwenyewe. Mie nitasimama pembeni."

Mwenye ukumbi alitukuta nje ya karakana, akatusihi tusiende. Alisema mvua inamtosha kila mtu, kwa nini tujitafutie kesi. Mzee Mohsin alimwambia, "Kijana yule anaambiwa amejiunguza mwenyewe kwa jasho. Wewe ungekubali mwanao aambiwe hivyo?" Mtu yule alisogea pembeni.

Zuberi alikuwa amekaa kitandani hospitalini, mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko. Nilimwambia yote, kuanzia ghorofani kwa wanawake mpaka kwenye karatasi. Sikujitetea kwa yule bibi, ingawa nilitaka. Alinisikiliza bila kunitazama. Nilipomaliza, alisema, "Skola, siku tisa hizi nimelala hapa najilaumu. Najiuliza kwa nini sikufuta mikono. Mama yangu ananiuliza kwa nini sikufuta mikono. Kumbe sio mie."

"Sio wewe."

"Basi toka nje. Niache nikasirike na mie. Nilikuwa sina hata wa kumkasirikia."

Nikatoka. Sijawahi kupewa ruhusa iliyoniuma namna ile. Alinikasirikia miaka mingi, kwa haki yake, na sikuomba apunguze. Baadaye alipata meza ya ndizi katika soko la Mabibo. Huwa naenda. Anachagua mikungu kwa mkono wa kulia, wa kushoto anauegemeza tu. Tunasalimiana, tunaulizana watoto. Hakuna aliyewahi kusema yamekwisha, na mimi nashukuru hasemi uongo.

Mzee Mohsin hakunifukuza. Kwa mama alienda kweli, kama alivyoahidi, akamweleza sebuleni mbele yangu. Kisha alinirudisha kwenye kukunja waya, miezi mingine mitatu, na nilipomaliza akanipa kazi ya kufungua kila plagi ya karakana, moja moja, na kuandika upya. Nilikaa naye mpaka alipofunga karakana kwa sababu ya macho. Ndipo nikaja Kinondoni, kwenye redio yetu, na huko mnanijua.

Mnanijua kwa ukali. Najua mlivyoniita nyuma ya mgongo, Mama Ethi, na lile jingine ambalo siliandiki. Nilimtoa studio mtangazaji maarufu kwa kumeza maikrofoni. Niligombana na wakubwa waliotaka sauti yetu iwe kubwa kuliko ya redio ya jirani, nikawaambia msikilizaji ana kitufe cha kuongeza, lakini hana cha kusafisha. Nilirusha dirishani mkasi wa mtu aliyekuwa anasogelea plagi. Mlipokuta kiraka cha ajabu kwenye mitambo mkaniambia "tumekuta hivyo, Mama", niliwafukuza mezani kwangu, kwa sababu fundi anayesema amekuta hivyo ameshaungana na aliyeacha hivyo. Nilikataza ethi isikatwe. Nilikataza kila wiki. Kwa nini nakataza, sikuwaambia. Na ile sheria ya karatasi sikuileta Kinondoni. Nilisema ni mambo ya zamani. Nilikuwa namficha Skola.

Tuje siku ya kuniaga. Ukumbi ulikuwa wa kukodi, saa sita mchana. Tangu nakaa jukwaani nilisikia ngurumo, mmmm, nikatabasamu moyoni, nikasema wamechomeka kuta mbili, kesho Method atawafundisha. Method ndiye aliyerithi meza yangu, mtu mzima, baba wa watoto watatu, fundi mzuri kuliko mimi nilivyokuwa umri wake. Mkurugenzi akasimama. Alipofika kwenye maneno "mama aliyetufundisha usalama kazini", ngurumo ikakatika. Palepale. Ukumbi ukawa msafi, watu wakapiga makofi.

Ngurumo haifi yenyewe katikati ya sentensi. Na aliyekuwa anafuata kushika maikrofoni ile ni mimi, baada yangu kwaya ya akina mama, na nyuma yao mpiga gitaa alikuwa anakaza nyuzi zake.

Ndipo mliponiona nashuka. Nyuma ya pazia nilimkuta Method amechuchumaa, koleo mkononi, uso una furaha.

"Mama, nimekuwekea safi. Najua hutakagi ngurumo. Siku yako ingeharibika."

"Umekata nini?"

"Ethi tu, Mama. Ishu ndogo. Wakimaliza narudishia."

Maneno yangu mwenyewe. Yalikuja mbele yangu na sura ya mtu mwingine, na kwa nia ileile nzuri. Nilitaka kumpiga kofi. Kisha nikaona kofi hilo halina wa kulipokea pale isipokuwa mimi, kwa sababu miaka yote nilimkataza kama mtoto na sikumwambia kama fundi mwenzangu. Nilizima swichi kubwa. Mkurugenzi akabaki anaongea kwa midomo. Bisibisi nilishaichomoa kwenye mkoba wakati nashuka, natembea nayo bado, nikafungua plagi, nikaiunganisha ethi, na nikiwa nimepiga magoti pale na gauni la sherehe nilimsimulia Method habari za Zuberi, zote, na za karatasi. Dakika ishirini mlizokuwa mnasubiri zilikuwa hizo. Alichana pembeni mwa ratiba ya sherehe, akaandika, akanionyesha kabla ya kukunja: "Method. Nilikata, imerudishwa." Tukafunga.

Nilipowasha, ngurumo ikarudi, mmmm, ukumbi mzima. Mkurugenzi akakunja uso. "Mafundi, hiyo kelele vipi tena?"

"Ni mimi nimeirudisha," nilisema nikipanda ngazi, nikaketi, na hotuba ikaendelea.

Karatasi hii ni ndefu kuliko ukubwa wa kucha, mtanisamehe. Ikunjeni, iwekeni pale ambapo kila fundi mpya ataifungua siku yake ya kwanza. Ile ya zamani niliandika uongo. Sahihi ni hii:

Skola. Nilikata ethi.